Naomba ushauri: wanafunzi wangu wanamwona Emma Bovary mvivu tu

Habari zenu walimu wenzangu na wapenzi wa fasihi.

Nafundisha fasihi ya Kifaransa, mwaka wa kwanza chuoni, na nimekwama kwenye ule uchovu wa maisha ambao Wafaransa huuita ennui: mtu hana njaa wala maradhi, ila dunia nzima imemkinaisha.

Tunasoma riwaya ya Flaubert, Madame Bovary, iliyotoka kama kitabu mwaka 1857. Darasa limeshamhukumu Emma, mhusika wake mkuu: "Ana mume, ana nyumba, ana mtumishi, anataka nini tena?"

Nimewasomea pale mezani, mumewe Charles anakula taratibu huku Emma, kiwiko juu ya meza, akichorachora mistari kwa ncha ya kisu kwenye kitambaa cha meza. Kwangu ukurasa huo unatosha kabisa. Wao wakaona uvivu. Nikawaeleza ile dansi ya kifahari aliyoalikwa Emma kwenye kasri la Vaubyessard, na jinsi anavyongoja mwaka mzima mwaliko mwingine usiofika. Wachache walianza kumhurumia, kisha tukarudi palepale.

Nafikiria kuanza upya na mshairi Baudelaire. Shairi linalofungua diwani yake Les Fleurs du mal, la mwaka huohuo, linautaja uchovu huu kuwa mbaya kuliko maovu mengine yote. Nahofia watalichukua kama mahubiri.

Je, ningeanza na shairi au nibaki na Emma? Na mnajua hadithi au shairi la Kiswahili lenye mtu asiyepungukiwa na kitu lakini amechoka kuishi, nilisomeshe sambamba na riwaya hii?

Natanguliza shukrani.