Miaka mitatu najenga ulimwengu, riwaya ina kurasa 11: naomba ushauri

BintiKirumba (mleta mada)

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba mnishauri bila kuniremba. Ninaishi Mwanza, mchana ninauza vifaa vya shule, na usiku, watoto wakishalala, ninaandika riwaya ya fantasia inayotokea katika ziwa la kubuni ambalo ukubwa wake ni mara mbili ya Nyanza yetu, yaani Ziwa Victoria. Juu ya ziwa hilo kuna miezi miwili, mmoja wenye mzunguko wa siku 29 na mwingine wa siku 41, na katikati yake kuna visiwa saba ambavyo watemi wake hurithishana ngoma inayosema. Nina madaftari manne yaliyojaa: la ramani, la nasaba ya watemi 27, la miiko, na la lugha ya visiwani ambayo nimeipangia ngeli zake zote.

Shida ni mswada wenyewe. Kila nikiufungua nakutana na jambo ambalo sijaliamua, mathalani watu hawa wanalipana kwa nini, basi narudi kwenye daftari kulitafutia jibu, na nikija kuushika tena mswada baada ya wiki mbili naiona sura ya kwanza imechuja, naiandika upya. Sasa ni mara ya 14. Mume wangu, ambaye ndiye msomaji wangu pekee, ameshaacha kuuliza kama mtemi amekufa au bado.

Je, niukamilishe ulimwengu kwanza, au niandike huku una mapengo?

MzeeWaMwaloni

Mwanangu, mimi si mwandishi. Nimekula chumvi nyingi katika biashara ya dagaa, na kilichonishika katika maelezo yako ni hiyo miezi miwili. Huku kwetu dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi taa za sola, na taa hizo hufanya kazi pale tu penye giza, kwa kuwa mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawajikusanyi kwenye mwanga. Ndiyo maana mwezi ukikaribia kuwa mpevu mitumbwi hupumzishwa kwa siku kadhaa, nyavu zikashonwa, na vijana wa kambini wakala kwa kukopa kwa tajiri mwenye mtumbwi, deni ambalo litakatwa giza likirudi. Mama anayenunua dagaa kwa ndoo na kuwaanika mchangani naye hukaa bila mzigo, na ada ya shule ya mtoto wake husubiri. Mwezi mmoja tu unatufanyia hayo yote.

Sasa wewe umeweka miwili. Ukizama huu, ule uko juu. Watu wako wanavua lini? Kama hawavui kwa taa, wanavua kwa nini, na kama hawavui kabisa, wanaishije visiwani? Nimesoma maelezo yako mara mbili nikitafuta mtu mwenye njaa, sikumwona.

KalamuNyegezi

Naungana na mzee, nami naongeza la kiutendaji kwa kuwa nimehariri miswada ya wenzangu kadhaa. Dada, ukifika penye jambo usilolijua, andika PENGO kwa herufi kubwa, kisha endelea na sentensi. Mhusika analipa PENGO, anapokea samaki, anaondoka. Ukimaliza sura utashangaa kuona mengi ya mapengo hayo hayakuhitaji jibu, na yale yaliyohitaji yamejijibu kutokana na tabia ya mhusika. Ama sura ya kwanza, mpe mumeo aifiche hadi ufike ya sita. Nasema kwa uzito kabisa: mtu anayeandika usiku baada ya kazi ana saa moja au mbili tu, na saa hizo zikitumika kusugua ukurasa uliokwisha andikwa, kitabu hakitasonga.

Baharia_wa_Ziwa

Mimi sikubaliani nanyi kikamilifu. Yapo mapengo ambayo ukiyaacha yatakuharibia kisa chote, hasa umbali na upepo. Ziwa letu lina takriban kilomita za mraba 68,800, na meli ya kutoka Mwanza kwenda Bukoba huondoka jioni ikafika asubuhi. La kwako ni mara mbili. Mjumbe wako akivuka kwa kasia kabla ya chakula cha mchana, msomaji wa Sengerema au Ukerewe atafunga kitabu hapo hapo.

Upepo nao una utaratibu wake. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka pwani kwenda ziwani, mchana hugeuka. Pepo hizo za usiku kutoka pande zote zinapokutana katikati ya ziwa, hewa hupanda, mawingu yakajengeka na radi zikapiga kabla ya alfajiri. Mwandishi anayelijua hilo hahitaji mchawi wa kuleta dhoruba. Kwa hiyo rai yangu ni kwamba maji, umbali na upepo viamuliwe mapema, na nasaba ya watemi 27 isubiri.

Nansio82

Kwa ufupi tu: mzee wetu Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, na kwa Kiswahili ikachapishwa mwaka 1980. Mila, ulevi, tiba na kilimo vimejaa humo, lakini vyote tunavikuta tukiwafuata mume na mke wanaohangaika kupata mtoto. Isome kabla hujafungua daftari la tano.

BintiKirumba (mleta mada)

Nimerejea baada ya siku tisa. Mzee wangu, shikamoo. Swali lako lilininyima usingizi, nikachukua kikokotoo: miezi yangu ikiandama siku moja, haitaandama tena pamoja mpaka zipite siku 1,189, yaani zaidi ya miaka mitatu. Katikati hupatikana giza la siku chache chache tu. Basi watu wangu wanaishi kwa kukopa wakisubiri giza, na anayejua kuhesabu giza ndiye mwenye nguvu. Kumbe ngoma ya watemi haikuwa na haja ya kusema. Inapigwa kutangaza usiku wa kuvua, na mtemi anaweza kudanganya. Nimepata kurasa 9 mpya zenye PENGO 17. Sura ya kwanza iko kwa mume wangu, na amekataa kuniambia ameiweka wapi.

Nimekwama mahali pamoja. Kijana wangu ametoroka kambi usiku akiwa na deni la miezi minne. Mzee, tajiri humdai nani?

MzeeWaMwaloni

Marahaba, mwanangu. Humdai yule aliyemleta kambini na kumdhamini. Mtafutie kijana wako mjomba.