Kuomba kwa adabu kwa Kiingereza: "can", "could", "would" na "may" nazitumiaje kwa wageni?

Mapokezi_CapriPoint

Wakuu, habari za jioni. Nipo mapokezi, nyumba ya wageni hapa Capri Point, Mwanza. Wageni wengi wanapita kwenda Serengeti, wengine wanataka boti ya kwenda kisiwa cha Saanane. Kiingereza nakielewa, ila mgeni akifika nasema "Give me your passport, please", "You wait here", "You must pay now". "Please" naiweka na sauti naishusha, lakini nimeambiwa nasikika kama natoa amri. Nikabadilisha kuwa "May you give me your passport", nayo ikakataliwa bila maelezo.

Naomba mnieleweshe lini "can", lini "could", lini "would" na "may". Na kwa nini "could" wakati siulizi mambo ya jana? Sentensi ninazozihitaji kila siku ni kuomba pasipoti, kumwomba mtu asubiri, chai au kahawa, saa ya boti, na malipo. Natanguliza shukrani.

Mwalimu_Nyakato

Ndugu, shida si sauti yako wala "please". Sisi adabu tunaifunga ndani ya kitenzi. "Andika" ni amri, "uandike" imeshalainika, "naomba uandike" imelainika zaidi, na kazi kubwa imefanywa na ile "-e" ya mwisho. Kiingereza hakina irabu hiyo. "Give" ni "give" tu, umwambie mtoto au umwambie waziri. Kwa hiyo "Give me your passport, please" inabaki kuwa amri iliyopambwa. Wao adabu wanaiweka mwanzoni: amri inageuzwa kuwa swali, ili mwenzako abaki na nafasi ya kusema hapana hata kama wote mnajua hatasema.

Sasa "could". Ni kweli ni wakati uliopita wa "can", kama "would" ilivyo kwa "will" na "might" kwa "may". Ila kwenye ombi haihusu jana. Inalirudisha ombi nyuma hatua moja ili lisimkabili mtu usoni. Na sisi tunafanya hivyohivyo. Simama kwenye maduka ya Makoroboi usikilize: mteja anasema "nilikuwa naulizia kitenge" au "nilikuwa naomba ile ya bluu", na anaitaka dakika hiyohiyo. Hakuna muuzaji anayedhani anasimuliwa ya juzi. "Could" ni "nilikuwa naomba" ya Waingereza. Na "ningependa" yetu, yenye "-nge-", ndiyo "I would like" yao.

Umbo lake: "could", kisha mtu, kisha kitenzi kitupu. "Could you sign here, please?" Watu wetu wanaharibu kwa njia hizi:

"Could you to sign": ile "ku-" ya "kusaini" inatuvutia tuweke "to". Baada ya "can", "could", "may", "will", "would" na "shall", "to" haiingii.

"Could you signed": "could" imeshabeba wakati uliopita, kitenzi kinachofuata kisiguswe.

"You could sign here?": Kiswahili hakihamishi maneno kutengeneza swali, sauti au "je" inatosha. Kiingereza kinataka "could" ivuke, ikae mbele ya "you". Ikibaki nyuma, mgeni anasikia ushauri: "unaweza ukasaini hapa, ukitaka".

Muongoza_Wageni

Naongezea hiyo ya "May you", maana wengi wanaamini ndiyo yenye adabu kuliko zote. Kwenye swali, "may" ni ya kujiombea ruhusa wewe mwenyewe, kwa hiyo inakwenda na "I" au "we". "May I see your passport?" ni "naruhusiwa kuiona?". Ukiweka "you" umetoka kwenye ombi umeingia kwenye dua: "May you live long" ni "uishi maisha marefu". Sisi kwa sisi tunaelewana, ila mgeni anakwama. Wewe ndiye unayefanya? "May I", "Could I" au "Can I". Yeye ndiye anayefanya? "Could you", "Would you" au "Can you".

Kwenye chai, usiseme "Do you like coffee?" Hapo umeuliza tabia yake ya siku zote, na atakujibu kwamba ndiyo, anaipenda sana, halafu kikombe hakiji. "Would you like some coffee?" ndiyo "nikuletee kahawa?". Angalia kwamba ukiweka kitenzi baada ya "would you like", "to" inarudi: "What time would you like to take the boat?" Anayeidai hapo ni "like", si "would".

Na kuna "Shall I", ambayo watu wanaiacha bure. "Shall I call a bajaji for you?" ni "nikuitie bajaji?" neno kwa neno. Ndiyo iliyo karibu zaidi na "-e" yetu. Inakwenda na "I" na "we" tu. Wamarekani wengi hawaitumii sana, wao hupendelea "Should I" au "Do you want me to", lakini wanaielewa vizuri.

Mapokezi_CapriPoint

Nimepata mwanga mkubwa sana. Moja bado: mwenzangu kazini alimwambia mgeni "Would you mind waiting?" Mgeni akajibu "No", kisha akakaa kwenye kiti akasubiri. Sasa alikataa au alikubali?

Mwalimu_Nyakato

Alikubali. "Mind" hapo ni kuona kero. Ameulizwa "itakukera ukisubiri?", akajibu "hapana". Kwa hiyo "No" ndiyo ruhusa. Hatari iko upande wako: mgeni akikuuliza "Would you mind carrying this bag?" nawe kwa ukarimu ukajibu "Yes", umemwambia ndiyo, itanikera. Jibu "Not at all", na mkono uwe unaelekea kwenye begi.

Baada ya "mind" kitenzi kinavaa "-ing": "waiting", "carrying". Na kama anayetenda ni wewe, inakuwa "Would you mind if I opened the window?" Ndiyo, "opened". Ule wakati uliopita wa adabu umejitokeza tena, safari hii kwenye kitenzi chenyewe.

Kujibu nako kuna utaratibu wake. "Could you help me?" haijibiwi "Yes, I could", kwa sababu msikilizaji anabaki akingoja "lakini". Sema "Of course" au "Certainly".

Tiketi_Bandarini

Wataalamu wamemaliza mengi, naweka ya dirisha la tiketi. Ukitaka swali la taarifa liwe laini, linatanguliwa na "Could you tell me", na hapo kuna mtego. "What time does the ferry to Nansio leave?" ni sahihi. Ukiliunganisha linakuwa "Could you tell me what time the ferry to Nansio leaves?" Ile "does" inaondoka na "s" inahamia kwenye "leave". Vilevile ni "where the toilet is", si "where is the toilet". Swali limeshageuzwa mara moja pale mbele, haligeuzwi tena.

Adabu iende na uzito wa ombi. Jina la mtu kwenye foleni, "Can I have your name, please?" inatosha, wala si ufidhuli. "I was wondering if you could" iwekee ombi zito, kwa mfano kumwomba mgeni ahame chumba alichokwisha kupanga vitu. (Hiyo ni kauli, mwishoni weka nukta.) "Couldn't you wait?" iepuke kabisa, kukanusha kunaifanya iwe lawama.

Sehemu moja usiulize hata kidogo: usalama. Kwenye boti ya Saanane usimwambie mtu "Would you like to wear a life jacket?" Umempa hiari, na atasema hapana. Sema "Please put on your life jacket". Amri yenye "please" hapo ndiyo mahali pake.

Matamshi: "l" ya "could" na "would" haisikiki. Ni "kud" na "wud", na zikikutana na "you" kwenye mazungumzo ya haraka zinakuwa "kuju" na "wuju". Ukilijua hilo utamwelewa mgeni, hata kama wewe mwenyewe unatamka polepole.

Mapokezi_CapriPoint

Wabeja sana. Nimeziandika upya, naomba mnisahihishie kabla sijazibandika mezani:

"Could I see your passport, please?"
"Would you mind to wait here for a moment?"
"Would you like tea or coffee?"
"What time would you like to take the boat to Saanane?"
"Could you tell me when will you pay?"

Mwalimu_Nyakato

Ya kwanza, ya tatu na ya nne zibandike kama zilivyo. Ya pili ni "waiting", toa "to".

Ya mwisho kwa umbo ni "when you will pay". Lakini hata ukiinyoosha bado inanusa kudai deni. Mpe njia mbili achague mwenyewe: "Would you like to pay now or when you check out?"