Eti "amenyoosha" mishale yangu mbele ya wageni! Usingizi hauji, acheni niandike

Mods msiuhamishe uzi huu, nina hasira.

Wakuu, mnamjua. Yule wa miwani juu ya kichwa. Kila ofisi ina wa kwake, ila huyu wetu ndiye baba lao.

Miezi minne nachora grafu ya hesabu za shule ya msingi. Kila dhana ni nukta, kila mshale unasema "inategemea". Sehemu (nusu, robo na wenzao) inategemea kugawanya. Kugawanya kunategemea kuzidisha na kutoa. Kuzidisha kunategemea kujumlisha. Kujumlisha na kutoa vyote vinategemea kuhesabu, na kuhesabu hakutegemei mtu, hapo ndipo mtoto anaanzia. Bibi yangu ambaye hajui kusoma angeelewa.

Leo wageni wamekaa, projekta inawaka, jamaa anasimama: "Kijana, mishale yako ilikuwa imepinda. Nimekunyooshea."

NIMEKUNYOOSHEA.

Kumbe wikiendi alikuwa anaigeuza! Kwake yeye mshale uelekee anakokwenda mwanafunzi, kama basi la Morogoro. Haya, si dhambi, ila basi badilisha na jina, andika "hutangulia". Yeye "inategemea" kaiacha palepale. Halafu kageuza njia ya kutoa tu, ya kuzidisha ikamshinda, akaenda zake kula kitimoto. Sasa kuhesabu kunategemea kutoa, kutoa kunategemea kugawanya, kugawanya kuzidisha, kuzidisha kujumlisha, kujumlisha KUHESABU. Duara! Programu ya kupanga masomo huanza na dhana isiyotegemea kitu. Imetafuta wee, haikuiona, ikaleta orodha tupu. Wageni wanatazama ukuta mweupe, mimi natazama viatu vyangu, yeye anatabasamu. Nimekunyooshea!

Fundi Chuma: Povu lote hili kwa mshale? Nilidhani umeporwa mke.

Kinyonga wa Pwani: Nimekaa paleeee.

Mwalimu Mstaafu: Kijana, kosa ni lako. Ulitumia uhusiano gani? SKOS ya W3C (shirika la viwango vya wavuti), ile kanuni ya 2009 ya kupanga dhana, ina dhana pana, dhana finyu na "inahusiana". Kipi kijulikane kabla ya kipi, hilo halimo. Pembetatu ni finyu kuliko umbo, lakini hiyo haikwambii mtoto aanze na lipi. Ulipaswa kuunda uhusiano wako mwenyewe kwenye RDF, ule mfumo wa kuandika data kwa sentensi za kitu, uhusiano, kitu, na kueleza nani anakaa kushoto, nani kulia.

Mleta uzi: Shikamoo mzee. Niliunda! Na maelezo nikaandika mistari minane! Hakusoma hata mmoja. KANINYOOSHEA.

Fundi Chuma: Kwa hiyo aliyenyooshwa ni wewe 😂😂

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Mistari minane ni mingi, angesomaje.

Dada wa Takwimu: Bora wako kageuza. Wangu aliona mishale inamchosha, akaifanya yote kuwa "inahusiana". Na hiyo haina mbele wala nyuma, A ikihusiana na B, basi B nayo inahusiana na A. Namuuliza bosi, mwanafunzi aanzie wapi? "Popote, si vyote ni ndugu?" Ukoo mzima uko sebuleni, hakuna anayejua nani kamzaa nani.

Mleta uzi: Dada pole, ila wako hakusema mbele ya wageni.

Mbongo Mtupu: Nendeni Wikidata, ile hazina huria ya data ya ndugu zao Wikipedia, mkaone vita. Ipo tangu 2012 na hadi leo kuna watu wanachanganya P31 ("ni mmojawapo wa") na P279 ("ni aina ya"). Kilimanjaro ni mlima mmoja, si aina ya milima. Mwambie mtu hivyo uone atakavyokutukana.

Kinyonga wa Pwani: Kwani Kilimanjaro inategemea nini?

Mbongo Mtupu: Wapagazi.

Mama Ntilie Digitali: Samahani, nimesoma hadi kwenye "wageni". Posho ilitoka?

Mleta uzi: Nusu. Lakini hoja hapa ni duara, jamani.

Mama Ntilie Digitali: NUSU? Sisi tulisaini karatasi mbili tukapewa soda moja, tena ya moto.

Dada wa Takwimu: Kwetu wanakata hela ya chakula, halafu chakula chenyewe hakiletwi.

Fundi Chuma: Posho inategemea saini ya mhasibu, mhasibu anategemea saini ya bosi, bosi anasubiri mhasibu arudi likizo.

Mama Ntilie Digitali: Mhasibu wenu ndiye yule wa Noah nyeupe?

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mishale.

Kinyonga wa Pwani: Mishale ipi tena?