Pikipiki ya samaki, Kigombe hadi Tanga mjini: niweze kuifungua mwenyewe

Mchukuzi wa Kigombe
Salaam ndugu zangu. Kila alfajiri natoa samaki Kigombe kupeleka Ngamiani. Pikipiki yangu ya mkononi imenizimikia njiani mara tatu tangu Ramadhani, na jua likichomoza samaki hawasubiri. Nimejikusanyia za kununua mpya: Boxer 150, TVS HLX 125 au Mchina wa 150? Spana ninazo, nataka ya kuifungulia chini ya mwembe wangu.

Boda Chumbageni
Boxer, kaka. Plagi, kebo ya klachi, breki shuu, vyote unapata hata duka la kijijini.

Fundi Mzee
Mwanangu, mimi nimeanzia kwenye Honda CG125. Honda waliitoa 1976 kwa nchi kama zetu, ambako pikipiki inabeba gunia na sevisi haionji. Ndani haina cheni ya taimingi, ile inayoendesha valvu kwenye injini nyingine. Valvu zinasukumwa na fimbo mbili. Wachina wengi wa 125 na 150 wamerithi injini hiyo. Tapeti, yaani ile nafasi ndogo juu ya valvu, unaziweka sawa mwenyewe: CG125 ni milimita 0.08, injini ikiwa imepoa kabisa, si umetoka nayo safari. Boxer na HLX zina cheni ya taimingi. Ni injini nzuri, zimetulia, ila cheni hiyo ikianza kugonga, chini ya mwembe utashinda kutwa.

Kwa mikono yako, mimi ningechukua Mchina wa fimbo. Lakini hata ununue ipi, chumvi itaimaliza. Yale maji ya samaki yanadondokea cheni, spoki na maungio ya nyaya. Toboa tenga lako kwa nyuma, uweke mpira uyapeleke mbali na gurudumu. Jioni osha kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, ndipo utie oili kwenye cheni na kufuta inayozidi. Ikibaki inashika mchanga, na mchanga unakula spoketi.

Hebu niambie, inazimaje?

Mchukuzi wa Kigombe
Shikamoo mzee. Inakohoa, inakata kama mafuta yamekwisha. Nikikaa kidogo inawaka.

Fundi Mzee
Marahaba. Usinunue kwanza. Ikizima tena, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia kinavuta hewa na pikipiki ikawaka papo hapo, kitundu cha hewa kwenye kifuniko kimeziba, mafuta hayashuki. Kizibue kwa sindano, kisha urudi hapa utuambie.