Mrejesho: dawa ya kuzuia magugu kuota

Wakuu, niliwauliza kwa nini magugu yalijaa bustanini ingawa nilipulizia pendimethalini. Kosa nimeliona: nilipulizia yakiwa yameshachomoza, na dawa hii hukamata mbegu inapoanza kuota. Safari hii nilipalilia kwanza, nikasawazisha udongo, nikapulizia kwa kipimo cha kwenye lebo, kisha nikamwagilia kidogo ili dawa ishuke tabaka la juu. Tangu hapo sijachokonoa udongo. Nyasi za mbegu karibu zote hazikutokea! Ndago bado zipo, maana huchipua kwenye viazi vyake vya chini. Hizo nang'oa kwa mkono. Mbegu za mboga nimezisia tuta lisilopuliziwa, zisije nazo zikazuiwa kuota. Aliyenikumbusha kumwagilia, ahsante sana.