Kaunti yataka maoni yetu kuhusu soko jipya. Tuseme vipi ili yahesabiwe?

mama_karanga_pwani:

Salaam aleikum, na wengine hamjambo. Mimi ni mama karanga, nakaanga samaki na kuuza kando ya soko la mji wetu hapa Pwani ya Kenya. Kumebandikwa tangazo kwenye mlango wa ofisi ya msimamizi wa wadi: kaunti inataka kuvunja soko la zamani na kujenga jipya la ghorofa, na nyuma yake vyoo vya kulipia na kituo cha matatu. Kikao cha kutoa maoni ni Alhamisi saa nne asubuhi, ukumbi wa jamii.

Saa nne! Saa hiyo sisi tuko ufuoni twangojea madau, au twaparura samaki. Watakaokwenda ni wale wale wa kila kikao, wanywe soda, watie sahihi, kisha iandikwe kwamba wananchi wameshirikishwa.

Ramani nimeiona, kijana mmoja aliipiga picha kwa simu. Wauza samaki tumewekwa juu, upande wa kusini. Yule aliyechora haujui upepo wa kusi. Kuanzia Aprili upepo watoka huko huko, kwa hivyo moshi wa karai zetu wote utaingia kwa wauza nguo, na hao hawatatuvumilia hata wiki. Maji ya kuoshea samaki yatateremkia wapi, kwenye vichwa vya wauza mboga? Na mteja wangu ni mtu aliyetoka kazini jioni, ashuka matatu, achukua kipande cha papa na ndimu, aenda zake. Huyo hapandi ngazi kwa ajili yangu, hata nikaange vipi.

Nauliza: nikienda nikayasema haya kwa mdomo, yataandikwa? Na sheria yanipa nini zaidi ya kunyoosha mkono?

karani_mstaafu:

Dada yangu, nimeandika kumbukumbu za vikao kama hivyo tangu enzi za manispaa. Hayo yote uliyoyasema ya kusi na maji yangeingia kwangu kwa mstari mmoja: "Mshiriki alilalamikia moshi." Basi. Andika memoranda, yaani maoni yako kwa maandishi, ukurasa mmoja watosha. Peleka nakala mbili ofisi ya msimamizi wa wadi na mbili kwa karani wa bunge la kaunti. Kila ofisi ibaki na moja, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Karatasi yenye muhuri haipotei kirahisi kama sauti ya ukumbini.

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na lirahisishe ushiriki wa umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema mwananchi apewe habari kwa wakati, na yampa haki ya kuwasilisha ombi la maandishi ambalo kaunti yapaswa kulijibu upesi. Wala hazikubaki kwenye makaratasi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo.

Lakini usidanganyike: kusikilizwa si kukubaliwa. Wanaweza kusoma kila neno kisha wajenge walivyotaka, mradi waonyeshe wamekuzingatia. Ndiyo maana kabla ya yote uliza zabuni imetangazwa au bado. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Hapo ndipo soko huamuliwa. Kama mkandarasi ashapatikana, Alhamisi mtaulizwa rangi ya mabati. Wakikunyima jibu, omba kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Wana siku 21.

wa_ilala:

Shikamoo mama. Sisi huku Dar tunalo la kuonyesha, Machinga Complex pale Karume, soko la ghorofa la wamachinga, wachuuzi wa mitaani. Lilijengwa kwa mkopo wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, jengo la maana, na kwa miaka vizimba vya juu vikakaa vitupu huku wamachinga wakipanga bidhaa chini barabarani. Mteja hakupanda. Liandike hilo kwenye barua yako, wahandisi wanapenda mfano.

La pili, mimi ndilo linanitisha zaidi ya ramani: orodha ya majina. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na ujenzi ulipokaribia kwisha malalamiko makubwa yakawa nani yumo kwenye orodha ya kurudi na nani hayumo. Msikubali nyundo ya kwanza ipigwe kabla majina ya wote, pamoja na nyie mnaouza pembeni, hayajabandikwa ukutani. Wewe unasema uko "kando ya soko." Kwenye vitabu vyao upo kweli?

mtazamaji:

Maoni ya nini, hawa wameshagawana vibanda. Kalale.

mama_karanga_pwani:

Mtazamaji, nikilala nani atauza samaki?

Wa Ilala, marahaba mwanangu, hilo limenikosesha raha. Sisi wa pembeni hatuna risiti ya mwezi, twatozwa ushuru wa siku. Nimewaambia wenzangu kila mtu atafute stakabadhi alizonazo, hata zilizolowa mafuta, tuziambatishe.

Karani, nimekwenda. Yule wa mapokezi aliniuliza barua ni ya nini, nikamwambia gonga muhuri kwanza, kusoma utasoma baadaye. Zabuni bado, ndivyo walivyonijibu, nami nimeomba jibu hilo kwa maandishi. Tumeomba kikao kiwe saa nane mchana. Samaki tumetaka tuwekwe chini, pembe ya kaskazini-magharibi: kusi litautoa moshi nje ya jengo, na kaskazi nayo itaupitisha ubavuni. Bomba la maji na mtaro wenye kifuniko tumevichora kwa kalamu, binti yangu ndiye fundi wetu.

Kilichobaki ni ugomvi wa wenyewe kwa wenyewe. Wauza mboga nao wataka chini, na wana haki, magunia ya viazi hayapandi ngazi. Wauza nguo wamesema watapanda wao, ila ngazi ielekee kituo cha matatu, mtu akishuka garini aone nguo mbele yake. Karani, hilo la ngazi tulitie kwenye barua yetu, au waandike yao?

karani_mstaafu:

Waandike yao. Barua mbili zenye ombi moja ni nzito kuliko moja ndefu. Na wagonge muhuri siku tofauti na yenu.