Naomba ushauri: kupaka rangi ya makopo mawili kwenye boti ya faiba nyumbani bila kujidhuru

Mwenye Boti, Kigamboni

Wakuu, salamu kwenu nyote. Nina boti ya faiba ya mita 6 ambayo huitumia kuvulia samaki mwishoni mwa wiki, na kwa sasa nimeitoa majini na kuiegesha juu ya magogo uani kwangu. Rangi ya ubavuni imepauka kiasi kwamba ukipitisha kiganja kinatoka na unga mweupe. Nimenunua rangi ya poliurethani ya makopo mawili, yaani rangi yenyewe na hadina yake (dawa inayochanganywa nayo ili igande), kwa sababu inastahimili jua na chumvi kuliko rangi ya mafuta ya kopo moja. Jirani yangu ana kompresa ya kupulizia magari na amejitolea kunisaidia, ili kazi yote iishe Jumamosi moja.

Kilichonitia wasiwasi ni maandishi yaliyo kwenye kopo la hadina: yanasema ina kemikali iitwayo isosayaneti na inaweza kusababisha pumu ikivutwa. Mwanangu wa miaka 9 tayari ana pumu, na dirisha la chumba chake liko hatua kama 10 kutoka boti ilipo. Nimenunua barakoa za karatasi za kuzuia vumbi. Je, zinatosha? Na kuna tofauti gani ya hatari kati ya kupulizia na kupaka kwa brashi? Naomba kuwasilisha.

Fundi wa Faiba

Mkuu, umefanya vyema kusoma kopo kabla ya kulifungua. Barakoa ya karatasi haitoshi, na kupulizia nakusihi usipulizie kabisa.

Isosayaneti iliyomo kwenye hadina za namna hii haigeuki mvuke kwa wingi ikiwa imetulia kwenye kopo au kwenye rola. Kompresa ndiyo inayoibadilisha sura, kwa kuwa inaipasua rangi kuwa ukungu wa matone madogo mno, mengine hata jicho haliyaoni, nayo huelea, hufuata upepo na kuingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Wanaopulizia rangi hizi kitaalamu hufanya kazi ndani ya chumba maalumu chenye feni za kuvuta hewa, na huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje ya chumba hicho. Uani kwako hakuna kimojawapo kati ya hivyo, na ukungu huo hautauliza ruhusa dirishani kwa mtoto.

Tumia rola ya sponji yenye nyuzi fupi, na mwenzako afuate nyuma yako mara moja akilainisha kwa ncha ya brashi pana, kwa wepesi, bila kukandamiza. Paka tabaka nyembamba mbili au tatu badala ya moja nene inayochuruzika. Ukilainisha vizuri, mtu aliyesimama hatua tatu hatatambua kuwa hukupulizia. Hata hivyo, usijidhanie salama kwa sababu umeshika rola. Vaa barakoa ya mpira ya nusu uso yenye vichujio vilivyoandikwa A2P3, yaani vya kuzuia mvuke wa kemikali pamoja na vumbi na ukungu, vyenye mstari wa kahawia na mweupe, pamoja na miwani ya kuziba, ovaroli ya mikono mirefu na glavu za nitraili. Kama una ndevu, zinyoe, maana mpira hauwezi kushika juu ya nywele. Ukishaivaa, ziba vichujio kwa viganja na uvute pumzi: barakoa inapaswa kunywea usoni na kubaki hivyo.

Mpuliziaji Magari

Kwa heshima zote, naona tunamtisha mwenzetu bila sababu. Nimepulizia rangi za hadina miaka 12 nikiwa nimefunga kitambaa puani, na sijawahi kuugua. Ukisikia harufu imezidi, unatoka nje unapumzika, kisha unaendelea.

Aliyeacha Kupulizia

Ndugu yangu, na mimi nilisema maneno hayo hayo. Nilifanya kazi kwenye karakana moja ambayo sitaitaja, na msimu wa kwanza na wa pili sikuona tatizo lolote. Msimu wa tatu nikaanza kukohoa usiku, saa nyingi baada ya kutoka kazini, na kwa sababu mchana nilikuwa mzima, nikadhani ni mafua au baridi ya feni. Kilichonifumbua macho ni kwamba kila nilipokwenda likizo kijijini kikohozi kilipotea, na kila niliporudi kazini kilirudi nacho kifua kikabana. Leo hata nikipita mbali na mahali wanapopulizia rangi ya aina hiyo, kifua kinafunga. Nimeshabadilisha kazi, lakini hali hii haijaniacha.

Kuhusu harufu, tafadhali usimfundishe mtu kuitegemea. Kinachonukia kwenye kopo ni viyeyushi, yaani vimiminika vya jamii ya thina vinavyoifanya rangi iwe nyepesi. Isosayaneti yenyewe inaweza kukudhuru kwa kiasi ambacho pua haikisikii. Hapo ndipo wengi wetu tulipoumia. Tulikuwa tunavua barakoa mara tu bunduki ya rangi ikizimwa, ili tuutazame uzuri wa kazi, kumbe ukungu bado unaelea usoni.

Muuguzi Mstaafu

Alichokieleza mchangiaji aliyetangulia kinafahamika vyema katika tiba ya magonjwa ya kazini, ambako isosayaneti ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu. Mwili ukishajenga mzio dhidi yake, kiasi kidogo sana kinatosha kuamsha shambulio, na mara nyingi mzio huo haufutiki. Uingereza imeweka kikomo cha miligramu 0.02 kwa mita moja ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 8, na katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Agosti 24, 2023, mfanyakazi haruhusiwi kutumia bidhaa zenye zaidi ya asilimia 0.1 ya kemikali hii kabla ya kupata mafunzo. Ngozi nayo ni mlango, hivyo rangi ikikumwagikia, futa na uoshe kwa sabuni na maji mengi. Usijisafishe kwa thina, kwani inaondoa mafuta ya ngozi na kurahisisha kemikali kupenya.

Kwa mtoto mwenye pumu sitaki tuongee habari ya kufunga dirisha. Mwondoe hapo nyumbani, akalale kwa shangazi au bibi yake siku za kupaka, na asirudi mpaka rangi iwe imekauka na harufu imekwisha. Kama wewe mwenyewe umewahi kuwa na pumu, rudisha makopo hayo dukani.

Baharia wa Tanga

Mimi nina la hali ya hewa, kwa sababu wengi huharibu kazi hapo na kulaumu rangi. Hadina hii hukutana na maji kwa pupa: unyevunyevu ukiingia kwenye rangi mbichi hutengeneza gesi inayoacha vitundu, na umande ukiangukia rangi ambayo haijakauka, mng'ao wote unakufa. Kanuni ni kwamba faiba yenyewe, si hewa, iwe na joto lililozidi kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa huanza kutoa umande, kwa nyuzi 3 au zaidi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande kwenye kitu chenye nyuzi 26 hivi, na faiba iliyo chini ya anga wazi hupoa hadi hapo mapema sana jioni. Kwa hiyo anza saa tatu au saa nne asubuhi, umande ukishakauka, boti ikiwa chini ya kivuli, na uwe umeweka brashi chini kabla ya saa nane mchana. Subiri masika ipite. Siku ya upepo mkali pia iache, maana kitakachonata ubavuni ni mchanga wa Kigamboni.

Changanya kidogo kidogo kwa kipimo cha kopo. Kama ni mbili kwa moja, mililita 200 za rangi kwa 100 za hadina zinatosha kwa kuanzia, kwa kuwa kwenye joto letu mchanganyiko huanza kuganda mapema kuliko ilivyoandikwa. Usizidishe hadina ukidhani itakauka haraka. Thina iwe ile ya mtengenezaji wa rangi hiyo hiyo. Thina za bei rahisi za magari huweza kuwa na spiriti, ambayo huila hadina kabla haijafanya kazi yake.

Mwenye Boti, Kigamboni

Wakuu, nawashukuru kwa dhati. Jirani nimemweleza, amenielewa, na sasa ndiye atakayenifuata na brashi, akiwa na barakoa yake mwenyewe. Mtoto ataenda kwa bibi yake Mbagala kuanzia Ijumaa. Nimebakiwa na maswali mawili: mabaki niyafanyeje, na je, naweza kupiga msasa kati ya tabaka siku inayofuata?

Fundi wa Faiba

Msasa unaweza kupiga, lakini tumia wa maji na usivue barakoa, kwani rangi ya jana bado ina hadina ambayo haijaungana yote, na vumbi lake kavu huipeleka moja kwa moja kifuani. Mchanganyiko uliobaki usiufunike. Utandaze kwenye bati kuukuu nje, ugande, ndipo uutupe. Na kopo la hadina ambalo limeingiwa na maji, hata matone ya jasho, usilikaze mfuniko kamwe, kwa sababu gesi hujijenga ndani polepole na kopo hupasuka ukiwa umeshalisahau stoo. Liache wazi nje, mbali na jiko na mbali na watoto, mpaka liwe limetulia.